Kipimo Kifike Mpakani

Mionzi haionekani wala hainuki; hutambuliwa kwa kipimo. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazili, mashine ya tiba iliyotelekezwa iliuzwa kama chuma chakavu. Watu waliustaajabia unga wake uliong'aa buluu gizani, wakagawiana. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto.

Vijana wetu wa Masasi na Newala nao huokota vyuma, na tangu 2010 Daraja la Umoja huvusha malori mtoni Ruvuma. Twaiomba Tume ya Nguvu za Atomi Tanzania: vipimo visiishie bandarini na viwanjani mwa ndege. Vifike Mtambaswala, pamoja na watu waliofundishwa kuvitumia. Na muuza vyuma, ambaye ndiye huvishika kwanza kwa mikono mitupu, aonyeshwe alama ya mionzi: mabawa matatu meusi juu ya manjano.