Kilio si uvivu: vyuo viache kufukuza wanafunzi wenye familia

Goma. – Wasikilizaji na wasomaji wetu, hasa nyinyi ambao munalala kwa majamaa tangu kambi zivunjwe, leo sina habari ya barabara wala ya bei ya unga. Nataka kusema juu ya jambo linalofanyika kila kipindi cha mitihani katika vyuo vyetu, na ambalo watu wananyamazia kwa sababu wanaofanyiwa ni watu wazima. Mtoto akifukuzwa shuleni, mtaa mzima unapiga kelele. Mama wa miaka 38 akifukuzwa kwenye mlango wa mtihani, watu wanauliza: na yeye alitafuta nini huko?

Alitafuta kazi nzuri zaidi, basi. Wanafunzi hawa munawajua. Ni muuguzi wa A2 anayeangalia wenye A1 wakipita mbele yake kila wakati wa kuandika watu kazini. Ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye D6 yake, amefundisha miaka 15, na anajua bila lisensi atabaki pale alipo. Ni mama anayeuza Birere asubuhi na anakimbia oditwari saa tisa. Hakuna baba anayewalipia. Wanajilipia wenyewe, kwa likelemba, kwa deni, kwa kuuza mbuzi aliyebaki kijijini.

Kuna mmoja, jina lake na la chuo chake nitaacha. Mama mkwe wake alikufa katikati ya mitihani ya semesta ya kwanza. Kwetu hakuna mke wa nyumba anayeweza kuacha kilio ili aende kuandika mtihani. Hata angeweza, nani angepika, nani angepokea wageni, nani angelala chini na wafiwa? Alikosa mitihani mitatu. Aliporudi na barua ya mkubwa wa mtaa, akajibiwa kwamba mama mkwe si mzazi, na kwamba angoje sesyo ya pili, alipe tena. Akakubali. Akaanza kuchanga. Halafu ikaja Januari 2025. Ndugu yake na watoto saba wakafika kutoka upande wa Sake na godoro moja. Mji ukaanguka, benki zikafungwa, na feza kidogo aliyokuwa ameweka ikabaki ndani. Minervali ikageuka unga na maharagi. Siku ya mtihani jina lake halikuwa kwenye liste ya waliolipa anrolma.

Aliyesoma ile liste mlangoni hakuwa na ubaya. Alikuwa anafuata kanuni. Na ndiyo hiyo kanuni ninayoishitaki hapa.

Sheria ya kazi ya nchi hii, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema mfanyakazi akifiwa na mume, mke, mzazi au mtoto, ana haki ya siku nne bila kupoteza mshahara. Wakwe nao wanahesabiwa humo. Mke wake akizaa, siku mbili. Waliotunga sheria ile walijua kwamba mtu mzima ana nyumba, na katika nyumba watu wanazaliwa na wanakufa. Sasa mtu yuleyule, akitoka kazini na kuingia oditwari jioni, anageuka kuwa nani? Asubuhi serikali inamuambia pole, jioni chuo kinamuambia sifuri.

Na tukumbuke Mei 2021. Nyiragongo ilipotapika tarehe 22, na siku tano baadaye watu wakaambiwa wahame, wengine wakaenda Sake, wengine Rutshuru, Bukavu au Gisenyi. Nani aliandika mtihani wiki ile? Masomo yalisimama, tarehe zikasogezwa, na hakuna chuo kilichokufa kwa sababu ya hilo. Kwa hiyo tarehe zinaweza kusogea. Taabu ikiingia katika nyumba zote kwa siku moja, inaitwa majanga na kalenda inabadilishwa. Ikiingia katika nyumba moja, inaitwa uzembe wa mwanafunzi.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba dawa tayari iko katika karatasi zao wenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 wanatuimbia LMD. Katika LMD mwaka una krediti 60, semesta ina 30, na krediti uliyopata ni yako, haifutwi. Maana yake ni kwamba mtu angeweza kuchukua krediti 15 semesta hii kwa sababu nyumba yake imejaa wakimbizi, na kumalizia nyingine mwaka ujao. Mfumo huu ni kama ulitengenezwa kwa ajili ya mama yule. Lakini sisi tulichukua jina jipya na kulivalisha nguo za zamani: minervali ya mwaka mzima, tarehe moja kwa wote, na atakayeshindwa arudie.

Wakubwa wa vyuo wana majibu, na si yote ni ya uongo. Wanasema walimu wao wanaishi kwa feza ya wanafunzi, kwa sababu mshahara wa serikali ni mdogo au haufiki kabisa. Ni kweli, na mwalimu naye ana watoto. Lakini unamfukuza mtu aliyelipa nusu, na nusu ya pili unaikosa milele. Ungemuacha alipe vipande vipande hata baada ya mtihani, na pointi zake zingoje kwenye meza, ungepata yote. Muuza duka yeyote wa Virunga anaelewa hesabu hiyo.

Wanasema pia: tukifungua mlango, kila mtu atakuja na bibi aliyekufa mara tatu. Waongo wako, ndiyo. Lakini kifo kwetu hakifichiki. Kuna mkubwa wa mtaa, kuna parokia, kuna msikiti, kuna karatasi ya hospitali, na CP mwenyewe mara nyingi amekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye kilio kile. Muongo akikamatwa aazibiwe. Siyo wote walipe deni la waongo.

Sasa niseme na nyinyi wa nyumbani, kwa sababu lawama si ya vyuo peke yake. Shemeji, wajomba, muliofika na mizigo kichwani na mukapokelewa: munaona taa ya simu inawaka saa sita za usiku na munasema mama huyu ana kiburi, anasoma ili amuache mume. Yule anayesoma usiku ndiye aliyewapa ninyi chumba. Mumuondolee maji ya kuchota, mumlalishie mtoto, kwa ule mwezi mmoja wa mitihani. Mwanaume akisoma, nyumba yote inanyamaza. Mwanamke akisoma, anaitwa mara kumi juu ya chumvi. Nimeliona hili katika nyumba nyingi, hata za watu wanaosema kwenye mikutano kuhusu haki ya mama.

Kwa komite za vyuo ombi ni dogo. Andikeni katika kanuni ya ndani kwamba kifo, uzazi, ugonjwa wa mtoto na kukimbia vita vinampa mwanafunzi tarehe nyingine ya mtihani, bila kulipa mara ya pili, na mama mkwe ahesabiwe kama mzazi. Na yule aliyekimbilia Bukavu, Beni au Bujumbura asizuiliwe karatasi zake kwa sababu ya deni la dola 40.

Wanaohama wiki hii: ombeni rileve ya pointi zenu kabla ya kuondoka, na mupige picha kila borodero ya malipo, mumtumie mtu wa pili muunaemuamini. Simu zinaibiwa njiani, na bila borodero chuo kitakuambia hukulipa kitu.