Sinia Moja Isiyo na Ngano



Sisi ni watu wa safari. Waliotutangulia walivuka bahari kwa majahazi, nasi leo twavuka kwa ndege, na mara nyingi hukutana katika mji wa tatu ambao si kwetu wala si kwao. Tukishaamkiana na kuulizana hali za wazee, swali linalofuata huwa ni hilo hilo: tutakula wapi? Rai yangu ni kuwa, iwapo katika msafara yumo hata mmoja aliyekatazwa ngano na tabibu, basi jamaa wote waelekee mkahawa usiotumia gluteni kabisa, wale chakula kimoja, wala asitengwe mtu kwa sahani yake peke yake. Najua wapo watakaoiona rai hii kuwa ni deko la vijana waliolelewa ughaibuni. Nawaomba wanivumilie.

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya mkate uumuke na chapati ivutike. Kwa watu wengi haina madhara yoyote. Kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, mwili wenyewe huinukia dhidi yake kila anapoila, ukauharibu utando wa utumbo mwembamba, na chakula kikawa chapita bila ya kumnufaisha. Mtoto hukonda au hukawia kukua; mtu mzima huishiwa damu, mifupa ikadhoofika. Tabibu wa Kiholanzi, Willem Dicke, aliyekuwa akichunguza jambo hili tangu kabla ya vita, alishuhudia katika njaa ya mwaka 1944 na 1945 kuwa watoto wagonjwa walipata nafuu mkate ulipoadimika, na wakarudia hali yao mkate uliporudi. Hadi leo tiba ni moja tu: kuiacha gluteni maisha yote.

Ugonjwa huu hurithiwa. Katika nchi nyingi humpata kiasi cha mtu 1 katika kila 100, lakini kwa mzazi, mtoto au ndugu wa damu wa mgonjwa, uwezekano hufikia karibu 1 katika 10. Miongoni mwa Wasahrawi wa Sahara Magharibi, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100 wanao. Basi neno urithi, ambalo sisi hulitaja kwa fahari tunapohesabu mababu, lina upande wake wa pili, na upande huo nao wahitaji kuhifadhiwa katika kumbukumbu za ukoo.

Wengi huuliza: kwa nini mkahawa mzima? Haitoshi kumwambia mpishi asitie mkate katika sahani ya mgonjwa? Jawabu liko jikoni. Viazi vilivyokaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa sambusa haviko salama tena. Maji yaliyochemshiwa tambi, ubao uliokatiwa mkate, mwiko uliokoroga mchuzi uliotiwa unga, hata mchuzi wa soya, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa ngano: yote hayo hubeba gluteni. Sheria ya Ulaya huruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni pale tu ambapo haizidi miligramu 20 katika kilo moja. Makombo machache ya mkate kila siku yatosha kumdhuru mtu. Mpishi mwema katika jiko lenye unga wa ngano anaweza kuahidi uangalifu. Mkahawa ambao ngano haivuki kizingiti chake humwondolea mgeni wasiwasi huo tangu mlangoni.

Mwaka jana tulikutana Roma, watu tisa kutoka nchi tatu. Italia, nchi ya tambi na mkate, ndiyo iliyonifunza mengi katika suala hili. Chama chao cha wenye seliaki kiliundwa mwaka 1979. Sheria nambari 123 ya mwaka 2005 iliutambua ugonjwa huu kuwa ni jambo la jamii nzima, na dola huwapa wagonjwa msaada wa kila mwezi wa kununulia vyakula vyao. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya kuwapima watoto wa nchi nzima. Watu wanaokipenda chakula chao cha ngano kuliko wote hawakuona kuwa kumtunza asiyeweza kukila ni kuudharau utamaduni wao.

Katika mkahawa tuliouchagua hapakuwa na ngano kabisa. Tulikula pizza, tambi na vitafunio vya kukaanga, na kila mmoja aliagiza chake. Binti wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka 14, alizungusha mkono wake akaonja katika sahani ya kila mtu, ya babu yake, ya shangazi yake, ya binamu zake. Jambo hilo hakulifanya tangu alipokuwa na miaka sita. Siku zote yeye ndiye aliyekaa pembeni na chombo chake kilichofunikwa, akisema ameshiba.

Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Adabu yetu ya kula ni sinia. Hukaa tukaizunguka, kila mmoja akala upande wake, na mkubwa akawasogezea wadogo vinono. Lakini sinia hiyo hiyo ni hatari kwa mwenye seliaki, kwani mkono uliokata chapati ndio huo huo unaoingia katika wali. Hakuna sinia iliyo salama upande mmoja. Ama iwe salama yote, ama mmoja wetu ainuke. Mkahawa usio na gluteni kabisa, hata ukiwa umejaa meza za kizungu na leso za kitambaa, umekaribia adabu ya sinia kuliko nyumba ambayo mtoto mmoja hula kwa kujitenga.

Nakubali kuwa mikahawa hii mingi ni ghali, na kwamba wapo wanaoikimbilia kwa kufuata mtindo tu, ilhali hawana maradhi. Nakubali pia kwamba kukosa gluteni si kuwa na siha. Keki ya wanga na sukari itabaki kuwa keki. Na pasipokuwa na mkahawa wa namna hii, samaki wa kuchoma na wali mweupe, baada ya kuuliza vilivyopikiwa, vyatosha. Lakini gharama ya mlo mmoja wa pamoja, mara moja katika safari, ni ndogo ikilinganishwa na miaka ya mtoto kuzoea kujihesabu kuwa ni mzigo.

Ama hofu ya kupoteza asili, mimi naiona haina msingi. Vitumbua na mkate wa kumimina ni mchele na nazi. Mkate wa mofa asili yake ni unga wa mtama. Muhogo wa nazi, ndizi, pilau, biriani, samaki wa kupaka: wazee wetu walikuwa na meza nzima isiyohitaji ngano. Tuangalie tu wale wanaotia kijiko cha unga wa ngano katika vitumbua ili vishikane, na viungo vya dukani vilivyochanganywa. Ni kweli kuwa boko boko halipikwi bila ngano, wala sisemi tuliache. Lipikwe katika chungu chake, liwe na mwiko wake, na lipakuliwe mbali na sinia kuu.

Yabaki mambo mawili. Ikiwa katika ukoo wenu yumo aliyethibitishwa kuwa na seliaki, wazazi, ndugu na watoto wake nao waende wakapimwe damu, na wasiiache ngano kabla ya kupimwa, kwani kipimo huweza kukosa kuona ugonjwa kwa aliyekwisha kuiacha. La pili ni kwa bibi zetu, ambao neno lao ndilo sheria ya nyumba. Mtoto akikataa kaimati siku ya Idi, msimwambie aonje kidogo tu ili asiwavunje moyo. Mpikieni vitumbua kwanza, kabla ya chuma wala mafuta kuguswa na kitu kingine, kisha muwaite wengine wote waje wale naye.