UFUNGUO UKAE MFUKONI MWA ALIYEMO NDANI



Mashine haina macho. Haijui kama kilicho kati ya meno yake ni muwa au ni mkono wa baba wa watoto. Kwa hiyo mwezi huu tunasema juu ya kitu kidogo sana, nacho ni kufuli.

Tuchukue mfano wa kiwanda cha sukari. Usiku mkanda unaopeleka miwa kwenye visu umekwama. Nyapara anapiga kelele kwamba kinu kinalala njaa. Fundi anazima swichi, anaingia ndani na mtaimbo kuondoa miwa iliyojikaza. Mara zamu inabadilika. Mwenzetu wa zamu mpya anafika, anaona swichi imezimwa, hamwoni mtu, naye anaiwasha. Huyu si adui wala si mlevi. Ni mfanyakazi mwema anayetaka kazi iende. Lakini fundi yumo ndani.

Mambo kama haya huitwa bahati mbaya. Sisi hatukubali. Bahati mbaya ni jambo lisilozuilika, na hili linazuilika.

Dawa yake inajulikana. Marekani iliiweka katika kanuni za serikali tangu mwaka 1989. Kabla ya kutia mkono, mashine izimwe, na umeme ukatwe kwenye swichi kubwa, si kwenye kitufe tu. Kisha fundi atie kufuli lake kwenye swichi hiyo, na kibao chenye jina lake, tarehe na kazi anayoifanya. Mvuke na hewa iliyobanwa vitolewe, na kilichoinuliwa kitegemezwe kisianguke. Mwisho ajaribu kuiwasha. Ikikataa, ndipo aingie.

Wakiwa mafundi watano, kufuli ziwe tano, kila mmoja na lake. Kuna kishikio cha chuma chenye matundu mengi kwa kazi hiyo. Mashine haitawaka mpaka wa mwisho atoke na kufungua. Zamu ikibadilika kabla kazi haijaisha, anayetoka asiondoe kufuli lake mpaka anayeingia atie lake.

Waajiri wengine husema kibao cha "USIWASHE" kinatosha. Hakitoshi. Kibao huanguka, hulowa mafuta, na usiku hakisomeki. Kibao huonya, kufuli huzuia. Wala ufunguo usikae ofisini kwa nyapara. Anayeuliza kila dakika kazi itakwisha lini hafai kushika roho ya aliyemo ndani.

Wengine watasema kufuli ni gharama. Basi tuhesabu pamoja. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ya mwaka 2007 inampa aliyelemaa kabisa mshahara wa miezi 96. Hiyo ni miaka 8. Kijana wa miaka 25 ataishije baada ya hapo? Na hakuna sheria inayorudisha mkono.

Haki yetu ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama palipo na wafanyakazi 20 au zaidi. Kifungu cha 14 kinakutaka umwarifu msimamizi wako ukiona hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha hapo kabla ya kuiondoa. Wala hawezi kukufukuza kwa sababu tu umelalamika juu ya usalama.

Lakini tusiwalaumu waajiri peke yao. Wamo miongoni mwetu wanaosema, "Ni dakika mbili tu, kufuli la nini?" Wamo wanaomcheka kijana anayefunga swichi, wakimwita mwoga. Ndugu, kicheko hicho ni kibaya. Anayekata kufuli la mwenzake, au kulifungua kwa ufunguo wa kuiba, chama hakitamtetea.

Basi kila mwakilishi wa chama afanye kazi moja kabla ya mkutano ujao. Apite kiwandani kwake ahesabu: mashine ni ngapi, mafundi ni wangapi, kufuli ni ngapi, na funguo zinakaa kwa nani. Alete hesabu hiyo kwa maandishi. Tutaipeleka mbele ya mwajiri tukiwa pamoja, kwa adabu lakini bila kurudi nyuma.

Tulikwenda kiwandani kutafuta mkate wa watoto. Turudi nyumbani na mikono ya kuukata.