Mgeni, Mwenyeji, na Kazi Isiyopaswa Kulala

Kuna neno moja ambalo halikai kimya muda mrefu katika nchi yetu. Hulala miaka michache, kisha huamka na kupita sokoni, machimboni, hata shuleni kati ya watoto. Neno lenyewe ni hili: "Huyu si wetu, arudi kwao." Leo twataka kulitazama pamoja nanyi, wasomaji wetu wa Kalima na wa Maniema yote, bila hasira na bila woga. Tena twataka kusema na wale wachache katika kila shirika waliojitoa kulinda haki katika jambo hili, nao sasa wameanza kuchoka.

Tuanze na habari yenyewe, maana asiyejua chanzo cha ugomvi hawezi kuumaliza. Mwaka 1937 Wabelgiji walianza kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzikalisha Masisi, na kazi hiyo iliendelea mpaka 1955. Makumi ya maelfu ya watu walivuka hivyo, kwa amri ya serikali iliyotawala pande zote mbili. Wengine walikuwa wamekaa Kivu kabla ya Wazungu kuchora mipaka. Wengine walikimbia fujo za Rwanda tangu 1959. Mwisho, Julai 1994, wakimbizi zaidi ya milioni moja waliingia Goma na Bukavu. Basi watu hawa hawakuja siku moja, wala kwa njia moja, wala kwa sababu moja. Lakini mdomo wa sokoni huwaita wote kwa jina moja.

Sheria nayo iliyumba. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa Rwanda na Burundi waliokaa Kivu tangu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikauondoa, ikitaka kila mtu aonyeshe kwamba wazee wake walikuwa nchini tangu tarehe 1 Agosti 1885. Ni nani kati yetu mwenye karatasi ya babu yake ya mwaka ule? Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ilirudisha mizani. Inawatambua kuwa Wakongomani kwa asili watu wa makabila yote ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa ndani ya Kongo wakati wa uhuru. Mgeni kweli naye anaweza kuomba uraia, akitimiza masharti.

Kati ya sheria hizo damu ilimwagika. Machi 1993 vita vya wenyeji na wale walioitwa wageni vilianza Walikale vikaenea Masisi, na maelfu wakafa. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito huko Kinshasa lilitaka wakimbizi na wahamiaji wa Rwanda na Burundi warudishwe kwao. Mwaka uliofuata vita kuu ilitufikia. Hapa Maniema wazee wanakumbuka kambi ya Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, iliyojaa watu wenye njaa mpaka mwanzo wa Machi 1997. Hata Kalima yetu imetajwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010, kati ya mahali ambapo wakimbizi waliuawa, pamoja nao mapadri na watawa kutoka Rwanda.

Hatusemi kwamba hofu ya watu haina msingi. Majeshi ya kigeni yaliingia kweli, mali ya nchi ilibebwa kweli, na mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu zilitekwa na M23. Serikali ina haki ya kulinda mpaka na kumuuliza mgeni hati zake. Lakini sheria hutofautisha raia, mkimbizi, mgeni mwenye kibali na mgeni asiye na kibali. Kosa ni la mtu, halirithiwi na kabila lake. Anayechanganya hao wote hailindi nchi, bali huwasha moto usiojua nyumba ya mwenye haki.

Tukumbuke pia kwamba Wakongomani nao ni wageni kwa watu. Aprili 2014 serikali ya Brazzaville ilianza kuwafukuza ndugu zetu waliokosa hati, na zaidi ya laki moja walivuka mto kurudi. Oktoba 2018 Wakongomani zaidi ya laki tatu walirudi kutoka Angola, wengi wakiwa wamepigwa na kunyang'anywa mali. Siku zile sote tulilia, "Wao si watu?" Kilio kile kile ndicho cha mgeni aliye mlangoni petu.

Sasa twaja kwa wale waliochoka. Neno la kufukuzana huamka hasa panapokaribia uchaguzi au panapotokea vita. Julai 2021 mswada uliletwa bungeni ukitaka urais uwe wa wale tu ambao baba na mama yao ni Wakongomani. Papo hapo mabishano yakawaka nchi nzima. Siku kama hizo watu wa haki hawakosekani: mikutano hujaa, vijana hujiandikisha, kila mmoja ana la kusema. Miezi sita baadaye wamebaki watatu na daftari. Mchochezi yeye anaweza kungoja, maana hofu hailipiwi mchango wala haihitaji mkutano. Kwa hiyo ushindi haupatikani siku ya moto. Hupatikana katika miaka ya baridi, wakati hakuna anayetazama.

Tunao mifano karibu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu aliwatetea wenyeji na wakimbizi pamoja, kwa barua na kwa sauti, mpaka askari walipomwua tarehe 29 Oktoba 1996. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alipelekwa uhamishoni Butembo na watawala wa RCD Februari 2000. Waamini wa Bukavu hawakuomba arudishwe kwa juma moja tu. Waliendelea mwezi baada ya mwezi, bila silaha, na Septemba akarudi. Alifariki Roma mwezi uliofuata, lakini watu walikuwa wamejifunza jambo moja: subira si kukaa bure.

Basi mbona vikundi vyetu hufa? Tumeona sababu tatu. Kwanza, mzigo wote huachiwa mtu mmoja, naye akiugua au akihama, kazi huhama naye. Pili, kikundi hujengwa juu ya fedha za mradi, na mradi ukiisha hata viti hurudishwa. Tatu, watu hulishwa hasira tu, nayo hasira ni moto wa mabua.

Dawa yake ni kazi ndogo yenye siku yake. Shirika moja lichukue uandikishaji wa watoto. Sheria ya Familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, huwapa wazazi siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto. Mtoto asiyeandikwa leo ndiye atakayeitwa mgeni kesho, hata kama babu yake alichimba bati ya Symétain. Wengi wetu tangu 2005 tumetegemea kadi ya uchaguzi kuwa kitambulisho, lakini mtoto hana kadi hiyo. Basi kila mwezi, siku inayojulikana, wawili wafuatane na wazazi mpaka ofisini, na daftari lionyeshe ni wangapi wamepata cheti. Shirika jingine lifuate uvumi: likisikia kwamba fulani si raia, liende kwa chifu na kwa wazee kuuliza kabla mawe hayajaokotwa. Kazi ya namna hii ina matunda ya kuhesabika, na mtu anayeona tunda hachoki upesi.

Tena mgawane zamu, na anayepumzika asiitwe msaliti. Wekeni kijana kando ya kila mzee, ili ajifunze kuandika barua na kusema na mkubwa bila kutetemeka. Nanyi wanafunzi, msidharau kazi ya kuandika majina, kwa maana nchi yetu imeumizwa mara nyingi na karatasi ambayo haikuandikwa.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe fimbo. Walitaka afanye kazi pamoja na wenyeji na ajulikane jina lake. Jembe hilo hilo twawapa ninyi mliochoka. Mkutano wa shirika ujao ukiwa na watu watano, anzeni na hao watano. Haba na haba hujaza kibaba.