Wimbo wa Majira ya Joto

Katika nchi za kaskazini majira ya joto si jambo dogo. Watu wa huko hukaa miezi mingi katika baridi, miti ikiwa haina majani na jua likichwa mapema. Kwa hiyo joto lirudipo mwezi wa Juni, hufurahi kama wakulima waonapo mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Ndiyo sababu wana nyimbo nyingi za kuyasifu majira hayo. Nyingi ni za kuchezea tu, nazo husahauliwa kabla baridi haijarudi. Lakini uko mmoja ulioimbwa upya na waimbaji wengi mno, nao wafaa kusikilizwa na ye yote atakaye kujua maana ya kuimba vema wimbo wa mtu mwingine. Jina lake ni Summertime, yaani Majira ya Joto.

Mahadhi yake yalitungwa na George Gershwin, Mmarekani ambaye wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Urusi. Maneno yaliandikwa na DuBose Heyward, mwenyeji wa mji wa Charleston, katika jimbo la South Carolina. Wimbo huo ni sehemu ya mchezo mrefu wa kuimbwa, uitwao Porgy and Bess, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Alipokuwa akiutunga mchezo, Gershwin alikwenda kukaa kisiwani karibu na Charleston wakati wa joto la mwaka 1934, akahudhuria ibada za watu weusi wa huko ili asikie uimbaji wao. Hata mtungaji alikubali kuwa mwanafunzi.

Katika mchezo huo wimbo huimbwa na mama kijana, jina lake Clara, akimbembeleza mtoto wake mchanga. Maneno ni ya faraja na utulivu, kana kwamba duniani hakuna baya lo lote. Lakini mumewe ni mvuvi. Tufani huja na kumkuta baharini, na Clara, aonapo mashua yake imepinduka, humkabidhi mtoto kwa Bess, hukimbilia nje, naye pia hupotea. Baadaye Bess hukaa akimpakata yatima yule, akamwimbia wimbo ule ule. Neno halikubadilika, wala mahadhi; lakini msikilizaji ajuaye yaliyopita hawezi kuusikia kama mwanzo. Basi aliyeuimba upya wimbo huo kwanza yumo ndani ya mchezo wenyewe.

Wako watu wasemao kwamba mwimbaji wa kwanza ndiye mwenye haki, na wote wamfuatao ni waigaji tu. Katika Afrika Mashariki ubishi huo husikika juu ya Malaika: wengine hawataki ila sauti ya Fadhili William, wengine humpenda zaidi Miriam Makeba wa Afrika Kusini. (Na ni nani hasa aliyeutunga, hilo nalo lina ubishi wake.) Lakini watu hao hulaumu kosa moja na kusahau la pili. Ni kweli kwamba aigaye kila pumzi ya mwenziwe ni kama kasuku, atoaye salamu asijue anamsalimu nani. Lakini yuko na yule aupambaye wimbo kwa mizunguko ya sauti, akipanda na kushuka, hata asikiaye husema, "Ana sauti huyu!" asikumbuke wimbo ulisema nini. Kosa hili la pili ni baya zaidi, maana hupigiwa makofi.

Billie Holiday aliutia wimbo huu katika santuri mwaka 1936. Mwaka 1939 Sidney Bechet aliupiga kwa saksafoni bila neno hata moja, na bado ni wimbo wa kubembeleza. Ella Fitzgerald na Louis Armstrong waliuimba pamoja mwaka 1957, yeye kwa sauti safi kama maji ya chemchemi, naye kwa sauti nzito yenye mikwaruzo. Wala hakuna ajaribuye kufanana na mwenziwe.

Janis Joplin, msichana wa Texas, aliwaudhi wengi mwaka 1968. Aliuimba pamoja na magitaa makali, kwa sauti ya kupasuka, kama mtu aliaye. Mama gani ambembelezaye mtoto kwa kelele? Swali hilo ni la haki, na hapana mtoto atakayelala kwa uimbaji ule. Lakini aliyekwisha kujua habari za tufani humwelewa. Joplin aliimba kama mtu aionaye mashua imekwisha pinduka, naye bado anajilazimisha kusema kwamba yote ni salama. Hayo si mapambo.

Walakini aliyewashinda wote alikuwa Mahalia Jackson, mwimbaji wa nyimbo za dini, aliyezaliwa New Orleans. Mwaka 1956 aliuchukua wimbo huu akauunganisha na wimbo wa kale wa Wamarekani weusi, uliotoka katika siku za utumwa, ambao ni kilio cha mtu ajionaye kama mtoto asiye na mama. Mahadhi ya nyimbo hizo mbili yakaribiana sana, hata aliposhika moja na kuingia katika ya pili, haikuonekana palipo mshono. Hakupaza sauti kutafuta sifa. Aliziweka tu pamoja, ya mama abembelezaye na ya mtoto aliyeachwa, kama kwamba tangu mwanzo zilikuwa nyumba moja. Mama yake mwenyewe alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo.