Bagira: nyumba za bei nafuu, miti inayoisha parseli kwa parseli

Mtu wa Bukavu mwenye mshahara mdogo akitafuta nyumba ya vyumba viwili, yenye uwanja kidogo na mti wa avoka, mara nyingi anaelekezwa Bagira. Muhumba na Nguba, kandokando ya ziwa, ni za wenye dola. Kadutu iko karibu na soko, lakini pale nyumba zinabanana, na moto ukiwaka avenue moja, majirani wote wanatoa magodoro inje. Bagira iko mbali, na bado unaweza kuona majani kati ya nyumba na nyumba.

Hali hiyo haikuja yenyewe. Bagira ilichorwa kwenye karatasi mbele ya kujengwa. Ilikuwa miaka ya 1950, wakati wa mpango wa miaka 10 wa Wabelgiji, na kazi ilifanywa na Office des Cités Africaines, ile OCA ambayo wazee wanaitaja mpaka leo, iliyoundwa mwaka 1952. Njia zilipimwa, nyumba zikapangwa kwa safu, na kila moja ikapewa kipande chake cha udongo. Haikuwa huruma tu. Mkoloni alihitaji wafanyakazi wenye afya, lakini hakutaka walale karibu na makao ya wazungu. Umbali ule njo unafanya hata leo nyumba za Bagira zisipande bei kama za Ibanda.

Na umbali ule njo unakula mfuko. Baba anayefanya kazi mjini, na watoto wawili wanaosoma kule, wanalipa gari mara sita kwa siku. Mvua ikinyesha, magari yanapungua na mota inapandisha bei. Robinet ikikauka, kuna pesa ya bidoni. Kwa hiyo anayelinganisha bei ya nyumba peke yake anajidanganya: ahesabu mwezi muzima, pamoja na njia na maji, njo ajue kama ni nafuu kweli.

Kuna pia garanti. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema wazi kwamba kwa nyumba ya kuishi garanti haiwezi kupita miezi 3. Wapangaji wengi hawajui, na wenye nyumba wanaojua wananyamaza. Tangu Februari 2025, AFC/M23 ilipoingia mjini na banki zikafunga milango, hata hiyo miezi 3 imekuwa mlima kwa mtu ambaye mshahara wake unapita banki.

Lakini hatari kubwa ya Bagira haiko kwenye bei. Iko kwenye uwanja wa nyuma. Mzee aliyepata nyumba ya OCA alikuwa na watoto saba. Watoto wakaoa, kila mmoja akajenga anekse. Mzee akifa, parseli inagawanywa, kipande kimoja kinauzwa, na mununuzi anakata mti wa avoka siku ya kwanza ili apate nafasi ya msingi. Hakuna wa kumlaumu sana: familia inahitaji pa kulala. Ila maji ya mvua yaliyokuwa yanaingia kwenye udongo sasa yanatoka kwenye mabati, yanakutana njiani, yanachimba. Katika mji uliojengwa juu ya vilima, kila mutu anajua yanaishia wapi. Desemba 2023 mvua kubwa iliua watu Ibanda.

Jambo la familia ni moja. Lingine ni la wale wanaouza kisicho chao: pembe ya kiwanja cha mpira, kando ya shule, sehemu iliyoachwa kwa ajili ya mfereji. Hapo sheria haina kigugumizi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo uliowekwa kwa matumizi ya watu wote ni mali ya serikali isiyogawiwa mtu binafsi, mpaka serikali yenyewe iuondoe kwanza katika matumizi hayo. Karatasi yenye muhuri haitoshi. Inabidi kuuliza: uamuzi wa kuuondoa uko wapi, na nani alitia sahihi?

Muda nao una uzito. Cheti cha uandikishaji kikipita miaka 2 bila kushitakiwa, kukivunja kortini kunakuwa kazi nguvu sana. Wanaonunua viwanja vya namna hiyo wanalijua hilo: wanaweka bornes usiku, wanapiga ukuta wa mabanzi, halafu wanangoja. Majirani nao wanangoja, wakisema ni mambo ya wakubwa.

Kelele ya siku ya kwanza ina nguvu kuliko kesi ya mwaka wa tatu. Chefu wa avenue akipokea barua yenye majina ya majirani wote, hawezi kusema hakuona. Nakala iende kwa burgumestre na kwa kadastre, na moja ibaki mikononi mwa majirani, yenye tarehe na muhuri wa mapokezi. Na ni vizuri barua iandikwe mbele ya matofali kufika, kwa sababu nyumba ikishapata mabati na watoto ndani yake, hata jirani aliyekuwa anapinga anaanza kuona haya kuibomolesha.