Skrubu Moja Haitengenezi Kabureta

Katika gereji za bodaboda, dawa ya pikipiki "nzito" ni ileile. Filta ya hewa inatolewa, matumbo ya sailensa yanang'olewa, kisha fundi anashika bisibisi na kuzungusha skrubu ndogo ya kabureta mpaka injini itulie. Ikitulia pikipiki ikiwa imesimama, kazi imekwisha. Mteja analipa na kuondoka na mngurumo mpya. Tiba hiyo imejengwa juu ya imani mbili: kwamba injini iliyofunguliwa njia ya hewa na ya moshi lazima iongezeke nguvu, na kwamba skrubu ile ndiyo inayolinganisha mafuta na hewa iliyozidi. Imani ya kwanza ina ukweli kidogo. Ya pili haina.

Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Injini hutoa nguvu yake ya juu mafuta yanapozidi kidogo, kwenye kilo 12.5 hadi 13 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kabureta haina kifaa cha kupima uwiano huo. Ina koo jembamba tu. Hewa ikipita hapo huongeza kasi, kanieneo hushuka, na petroli hunyonywa kutoka kwenye bakuli kupitia vitundu vya shaba vinavyoitwa jeti. Kiwanda kilichagua ukubwa wa vitundu hivyo kwa kuzingatia sanduku la hewa, filta na ekzosi ambavyo pikipiki ilitoka navyo.

Filta, hata ikiwa safi, huizuia hewa kidogo, na kizuizi hicho huongeza mvuto ndani ya koo. Ikitolewa, hewa inaongezeka huku mvuto unaonyanyua petroli ukipungua. Mabadiliko yote mawili yanaelekea upande mmoja: mafuta yanakuwa machache kwa hewa inayoingia. Sailensa iliyotobolewa huongeza tatizo, hasa injini inapozunguka kwa kasi. Mchanganyiko wenye hewa nyingi huunguza plagi, hupasha joto kichwa cha silinda na valvu ya kutolea moshi, na injini inayopanda mlima na abiria wawili huanza kugonga. Ndiyo maana pikipiki "iliyofunguliwa" huchemka haraka kuliko ile ambayo haijaguswa.

Hapo ndipo bisibisi inapoingia, na hapo ndipo kosa lilipo. Kabureta hutoa mafuta kwa njia tofauti kulingana na jinsi mkono wa mafuta ulivyovutwa. Mkono ukiwa umeachiwa hadi karibu na sehemu moja kati ya nane, inayotawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu yake. Baada ya hapo inafuata nafasi iliyochongwa chini ya slaidi, yaani mlango wa kabureta. Kuanzia robo hadi robo tatu, kazi ni ya sindano inayoning'inia ndani ya jeti yake. Robo ya mwisho ni ya jeti kubwa. Kuondoa filta na sailensa hubadilisha zaidi robo hiyo ya mwisho na kiasi cha katikati. Skrubu inatawala mwanzo tu. Fundi anayeizungusha ili kurekebisha kilichoharibika juu ni kama anayekaza nati ya gurudumu la mbele kwa sababu la nyuma linacheza. Injini itatulia pale gereji, na itaumia pale Kimara au Thika Road mkono ukivutwa wote.

Zaidi ya hayo, mafundi wengi hawatofautishi skrubu mbili zinazofanana. Iliyo upande wa filta hupima hewa: ikilegezwa, mafuta yanapungua. Iliyo upande wa injini hupima mafuta: ikilegezwa, mafuta yanaongezeka. Ushauri wa kijiweni wa "legeza nusu mzunguko" kwa hiyo huponya pikipiki moja na kuiumiza ya jirani yake.

Kuna pia wale wanaojua kwamba jeti inahusika, lakini badala ya kununua nyingine wanaichokonoa kwa waya wa breki. Hesabu yenyewe inatisha. Kwenye jeti kubwa za Keihin namba hutaja kipenyo kwa sehemu za mia za milimita. Namba 98 ni tundu la milimita 0.98. Kutoka 98 hadi 105 ni tofauti ya milimita 0.07, karibu na unene wa unywele, lakini eneo la tundu linaongezeka kwa asilimia 15 hivi. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuipata tofauti hiyo kwa waya wa chuma kwenye shaba laini. Tundu linatoka na mikwaruzo, halina duara, na namba iliyoandikwa juu yake inakuwa uongo kwa kila fundi atakayeifungua baadaye.

Lakini tuseme jeti imebadilishwa vizuri. Je, nguvu inaongezeka? Kwa mwendo wa bodaboda, karibu haiongezeki. Mkono wa mafuta ukiwa robo au nusu, kinachoizuia hewa ni slaidi ambayo dereva mwenyewe ameishusha. Kuondoa filta huku mlango wa kabureta umefungwa robo tatu ni sawa na kupanua geti la uwanja wakati mlango wa nyumba umeegeshwa. Faida huonekana mkono ukivutwa wote na injini ikizunguka karibu na kikomo chake, hali ambayo mbebaji wa abiria au magunia ya mkaa huifikia kwa nadra. Injini nyingi za pikipiki za Kichina zilinakiliwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976, injini iliyobuniwa kuvuta kwa mwendo mdogo na kudumu. Kuifungulia njia za kupumua kama ya mashindano ni kuitaka ifanye kazi isiyo yake.

Ekzosi nayo si bomba la kutupia moshi tu. Kila mara valvu inapofunguka, wimbi la kanieneo husafiri ndani ya bomba, hugonga mahali bomba linapopanuka na kurudi. Urefu wa bomba na umbo la sailensa ndivyo vinavyoamua kama wimbi hilo litarudi kwa wakati wa kusaidia kuvuta moshi au wakati wa kuuzuia. Bomba lililokatwa hovyo linaweza kuongeza nguvu kidogo kwenye kasi ya juu na kunyang'anya nguvu ya katikati, ambayo ndiyo inayoing'oa pikipiki kwenye tope. Milipuko ya "pa-pa-pa" mkono unapoachiwa, ambayo vijana huisikia kama ushujaa, mara nyingi ni dalili kwamba jeti ndogo inatoa mafuta machache au ekzosi inavuta hewa mahali ilipounganishwa.

Mbona basi madereva wengi wanaapa kwamba pikipiki ilibadilika? Baadhi wanasema kweli. Filta iliyojaa vumbi la barabara za changarawe huikaba injini, na kuitoa huleta nafuu papo hapo. Filta mpya ingeleta nafuu ileile. Wengine wanadanganywa na masikio, kwani sauti kubwa huufanya mwendo uonekane mkali. Kisha kuna mwinuko wa ardhi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe karibu 2,000. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa asilimia 15 au zaidi. Kabureta iliyopangwa kwa pwani hutoa mafuta mengi kupita kiasi milimani, kwa hiyo kuondoa filta kunaweza kuifanya ipumue vizuri kwa bahati tu. Ushuhuda wa Njombe ukipelekwa Tanga unaunguza pistoni.

Na hewa isiyochujwa haiingii peke yake. Vumbi la mchanga ni gumu kuliko chuma cha ringi na silinda. Likichanganyika na oili linakuwa kama msasa, na moshi wa bluu unafuata.

Anayetaka mabadiliko kwa sababu ya kweli, kama vile mashindano, ana njia yake. Kwanza anahakikisha boya la ndani ya bakuli liko kwenye kimo sahihi na mpira wa kabureta hauvuti hewa. Kisha, injini ikiwa ya moto, anaanza na jeti kubwa, kwa kawaida hatua mbili au tatu juu ya ile ya kiwanda, na kuijaribu mkono ukiwa umevutwa wote mahali salama. Injini ikipata nguvu anapoachia mkono kidogo, mafuta bado hayatoshi. Baadaye anakwenda kwenye sindano: klipu ikishushwa mtaro mmoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Skrubu ndiyo ya mwisho, si ya kwanza. Plagi huchunguzwa kila hatua. Nyeupe kama chaki inaonya hewa imezidi, yenye masizi makavu inaonya mafuta yamezidi. Kinabadilishwa kitu kimoja kwa wakati. Kwa kabureta za utando, kama za pikipiki nyingi za Pulsar, kazi ni ngumu zaidi, kwani slaidi inapandishwa na tofauti ya kanieneo na hewa isiyotulia nje ya sanduku huiyumbisha.

Kazi hiyo huchukua siku nzima, seti ya jeti na safari nyingi za majaribio. Gereji inayoimaliza kwa dakika kumi na bisibisi moja imeuza kelele. Pikipiki ya kubebea abiria inahitaji filta safi, sailensa nzima na jeti za namba ilizotoka nazo kiwandani.